Simu za Mezani Kenya na Tanzania: Jinsi ya Kuzilinganisha

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika moja la posta na simu lililokuwa likihudumia nchi zote wanachama liligawanywa, na kila nchi ikabaki na nguzo, nyaya na mitambo iliyokuwa ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo Kenya na Tanzania zinafaa kulinganishwa, kwa kuwa zilianza safari hii zikitokea nyumba moja. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi aliyekuwa Mombasa akitaka kuongea na jamaa zake wa Tanga aliweza kuanza na 007 badala ya msimbo wa kimataifa wa 255.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya ilikuwa na laini za mezani zipatazo 300,000, ilhali za Tanzania hazikufika 200,000. Hesabu hizo hazitoshi mpaka zigawanywe kwa idadi ya watu. Sensa ya Kenya ya mwaka 1999 ilihesabu watu milioni 28.7, na ya Tanzania ya mwaka 2002 ikahesabu milioni 34.4; basi Kenya ilikuwa na takriban laini moja kwa kila watu 100, na Tanzania nusu yake. Hata kiwango hicho hakionyeshi ni wangapi waliokuwa wakipiga simu, kwani laini moja ya ofisi ya wakala wa forodha kule Kilindini ilitumiwa na karani, tajiri wake na wateja, na wenye nyumba wengine walikuwa wakitia kufuli kwenye kidude cha kuzungushia nambari ili majirani wasiwamalizie bili.

Sehemu inayowapotosha wasomaji wengi ni miaka ya 2007 hadi 2009. Mchoro wa idadi ya laini za mezani za Kenya unapanda ghafla hadi kupita laini 600,000, kisha unaanguka mwaka 2010, huku wa Tanzania ukibaki chini ya 200,000 muda wote. Anayetazama mchoro peke yake atadhani kwamba Wakenya walichimbiwa nguzo mpya kila mtaa. Ukweli ni kwamba Telkom Kenya, iliyokuwa imechoshwa na wezi wa nyaya za shaba, ilianza kuuza simu zisizotumia waya ambazo mteja aliweka mezani zikanasa mawimbi kutoka mnara, nazo zikahesabiwa pamoja na zile za nguzo. Kwa maoni yangu, mchoro wa miaka hiyo usichapishwe bila maelezo hayo pembeni.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika safu ya simu za mezani huhesabu laini zinazotumika za waya, simu za aina hiyo zisizo na waya, simu za umma, pamoja na sauti inayopitishwa kwa intaneti. Intaneti ya nyumbani yenyewe huwekwa katika safu nyingine kabisa ya takwimu zake. Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa mwaka 2009, na nyumba ya Nyali iliyovutiwa nyaya za faiba huenda isionekane hata kidogo katika safu ya simu za mezani, endapo mwenyewe hakuomba huduma ya sauti. Anayelinganisha nchi hizi mbili baada ya mwaka huo inambidi asome safu zote mbili kwa pamoja.