Kwa nini waya wenye umeme huvuta kitanzi kilicho karibu yake

Chukua waya mrefu ulionyooka, unaopitisha umeme. Kando yake, kwenye bapa hilohilo, weka kitanzi cha mstatili chenye mkondo wake, pande zake mbili zikiwa sambamba na waya. Je, kitanzi kitasukumwa au kitavutwa? Wengi hujibu kwamba hakitasogea, maana mikondo ya pande hizo mbili inaelekea kinyume, basi kani zake (nguvu za kuvuta au kusukuma) zinafutana. Sivyo.

Mwanafizikia Mfaransa André-Marie Ampère alionyesha mwaka 1820 kwamba nyaya sambamba huvutana mikondo yake ikielekea upande mmoja, na husukumana ikikinzana. Kwa hiyo upande mmoja wa kitanzi huvutwa na mwingine husukumwa. Lakini uga wa sumaku wa waya, yaani eneo linaouzunguka ambamo kani hiyo hutenda, hudhoofika kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiwa maradufu, uga hubaki nusu. Upande wa karibu ndio unaoshinda. (Pande mbili fupi, zinazoelekea kwenye waya, kweli hufutana kani zake.)

Tufanye hesabu. Waya una ampea 10 na kitanzi ampea 5. Pande sambamba zina urefu wa sentimita 20. Wa karibu uko sentimita 1 kutoka kwenye waya, wa mbali sentimita 5. Wa karibu hupata kani ya nyutoni 0.0002, wa mbali nyutoni 0.00004. Tofauti yake, nyutoni 0.00016, ni kama uzito wa miligramu 16 tu. Mkondo wa karibu ukielekea kama wa waya, kitanzi huvutwa; ukigeuzwa, husukumwa.

Na kitanzi kisichounganishwa na betri? Mkondo wa waya usipobadilika, hakuna kani. Ukiongezeka, kitanzi huzalisha mkondo wa kupinga badiliko hilo na kusukumwa mbali, ukipungua, huvutwa.

Naomba udogo wa namba hizo usimdanganye mtu. Kani hutegemea zao la mikondo miwili, hivyo yote ikiongezeka mara 10, kani huongezeka mara 100. Inapotokea shoti kwenye mtambo mkubwa na vyuma viwili vilivyoachana sentimita 10 vikabeba ampea 20,000 kila kimoja, kila mita ya chuma hupata nyutoni 800, karibu uzito wa mtu wa kilo 80. Ndiyo maana mafundi huvifunga vyuma hivyo kwa vishikizo imara, na koili za transfoma hubanwa zisipinde.