Je, wajua? Paneli inayofuata jua inaweza kutulia bila kufika

Ukiiona paneli ya sola yenye mota ya kufuata jua imeacha kutikisika, ni rahisi kudhani imelielekea jua sawasawa. Si lazima. Kutulia ni jambo moja na kufika ni jingine, ila wengi huyachanganya, kisha paneli ikikosea kidogo wanaagiza mota kubwa zaidi.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi: sensa inapima tofauti kati ya paneli ilikoelekea na jua liliko, mota inasukuma kwa kadiri ya tofauti hiyo, sensa inapima tena. Huo ndio mrejesho.

Sasa mchukue msukuma mkokoteni wa maji mitaa ya Dodoma, umpe sharti moja: sukuma kwa kadiri ya umbali uliobaki hadi kwenye mstari. Akiwa mbali anasukuma kwa nguvu zote. Akifika mstarini sharti linamwambia aache, lakini madumu yaliyojaa hayana habari na sharti, mkokoteni unapita. Anauvuta, unapita tena upande wa pili, kila mara kidogo kuliko mwanzo, hadi unatulia. Hicho ndicho kipindi cha mpito. Dawa yake si misuli, ni kuanza kuuzuia mapema kulingana na mwendo wake.

Mpeleke kwenye mwinuko. Kadiri anavyoukaribia mstari ndivyo anavyosukuma kidogo, mpaka msukumo wake unalingana na uzito unaomrudisha nyuma. Hapo mkokoteni unasimama. Hauyumbi, na haujafika. Mwambie asukume maradufu kwa kila hatua iliyobaki: pengo litapungua nusu, ila kwenye tambarare atapitiliza zaidi. Kinacholimaliza pengo ni kulikumbuka, yaani aongeze msukumo kidogo kidogo kadiri linavyodumu. Kumbukumbu nayo ikizidi, kuyumba kunarudi.

Kwa paneli, mwinuko ni upepo wa kiangazi wa Dodoma, ingawa mota zenye gia ya skrubu hazirudishwi nyuma kirahisi. Tena lengo lenyewe linatembea: nyuzi 15 kwa saa. Mota yenye sharti lile lile hulifuata ikiwa nyuma kwa pengo lisilobadilika.

Hasara ni ndogo ajabu. Paneli bapa ikikosea nyuzi 1 hupoteza chini ya asilimia 0.02 ya mwanga wa moja kwa moja. Ikikosea nyuzi 10, kama asilimia 1.5. Ndiyo maana mashine nyingi hungoja jua lisogee, zikajongea hatua moja, zikangoja tena. Vioo vya kukusanya mwanga kwenye bomba jembamba ndivyo visivyosamehe.

Nyingine hazina sensa ya jua, zinafuata saa. Hapo Dodoma ina kituko chake: saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mji uko karibu na 36, hivyo jua hufika kileleni, kwa wastani, yapata saa 6 na dakika 37 mchana. Fundi akisahau hilo, mota itatii amri barabara na paneli itatulia tuli, ikiwa imekosea kama nyuzi 9.