Cheche ya injini za kale: yanayosemwa na yaliyokuwa

Dhana inayozaa nyingine zote ni hii: kwamba cheche hupigwa pistoni ikishafika juu kabisa. Ingekuwa hivyo, wabunifu wasingekuwa na kazi kubwa. Mchanganyiko wa petroli na hewa haulipuki wote kwa mkupuo. Unaungua, moto ukitambaa kutoka kwenye plagi kwenda kwenye kuta za silinda, na safari hiyo inakula muda. Tuchukue milisekunde 3 kama mfano. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, krenkshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inageuka nyuzi 11 hivi kabla moto haujakolea. Ikifika mara 1,800, inageuka nyuzi 32. Ndiyo maana cheche lazima iwahi, na izidi kuwahi kadiri injini inavyokimbia, ili msukumo mkubwa uikute pistoni imeanza tu kushuka.

Wengine husema basi kuwahi zaidi ndiyo nguvu zaidi. Sivyo. Cheche ikiwahi kupita kiasi, moto unaisukuma chini pistoni ambayo bado inapanda: nguvu inapotea, joto linazidi, injini inagonga.

Kwenye Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927, kazi hii alifanya dereva mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kwa wenzo mdogo uliokuwa chini ya usukani. Kabla ya kupiga hendeli alitakiwa kuupandisha ili cheche ichelewe. Akisahau, injini ilirudi nyuma na hendeli ikamgeukia. Madaktari wa mifupa hadi leo wana mvunjiko mmoja karibu na kifundo cha mkono unaoitwa kwa jina la madereva wa enzi hizo. Anayesema taiming ya kujiendesha, yaani injini kujipangia yenyewe wakati wa cheche, ilikuwa anasa ya matajiri aanze kwa kuitazama mikono hiyo.

Kuna wanaoamini kwamba magneto ya volti nyingi, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche kwa sumaku, aliyoikamilisha Gottlob Honold kwa Robert Bosch mwaka 1902, ndiyo iliyomaliza suala la taiming. Ilimaliza suala la cheche yenye nguvu, na hilo ni jambo kubwa, lakini wakati wa kuipiga ulibaki kitendawili. Tena ilileta ugumu wake: magneto hutoa umeme mkali zaidi rota yake inapopita mahali fulani tu. Ukichelewesha sehemu ya kukata umeme peke yake, cheche inadhoofika, na inadhoofika wakati wa kuwasha, pale inapohitajika zaidi. Kwa hiyo baadhi ya wabunifu waliamua kuisogeza rota yenyewe: vyuma vizito vilivyotanuka kwa mwendo, yaani vilivyorushwa kwenda nje na mzunguko, viliizungusha mbele kidogo kupitia mifereji ya mzunguko kama ya skrubu iliyochongwa kwenye shafti.

Vyuma hivyo vinavyotanuka vikaja kuwa moyo wa distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi kwa zamu, na hapa ndipo watu hudhani kazi ilikuwa nyepesi. Mwendo ukiongezeka, hewa ndani ya silinda inavurugika zaidi na moto unakimbia zaidi, kwa hiyo cheche haihitaji kuwahi kwa kiwango kilekile moja kwa moja. Mbunifu anahitaji mchoro wa kuwahisha cheche unaopanda haraka mwanzoni, kisha unalegea. Jibu lake lilikuwa springi mbili: nyembamba inavuta tangu mwanzo, nene ina kitanzi kilicholegea na haishiki mpaka vyuma vitanuke kiasi. Nalipenda sana jibu hili.

Mwendo pekee hautoshi pia. Gari likiteleza tambarare, silinda inapata mchanganyiko kidogo, nao unaungua taratibu. Likipanda mlima, ni kinyume chake. Ford V8 ya 1932 ilikuwa na breki ndogo ndani ya distribyuta: mzigo ukizidi, mvuto wa hewa kwenye manifoldi, bomba linaloingiza mchanganyiko kwenye silinda, hupungua, na breki huvizuia vyuma visiwahishe cheche kupita kiasi. Kompyuta za baadaye zilirithi swali hilohilo la mwendo na mzigo.

La mwisho ni kosa la hesabu ambalo hata fundi mzuri huteleza nalo. Kwenye distribyuta za Lucas za Land Rover za petroli za zamani, ndani kuna namba iliyogongwa kwenye chuma, kama 15: ndiyo nyuzi ambazo vyuma vinaweza kuiwahisha cheche. Watu huisoma kuwa nyuzi za injini. Distribyuta huzunguka nusu ya krenkshafti, kwa hiyo hiyo 15 ni nyuzi 30 za injini.