Kabla hujanunua usukani wa mbwembwe, vua siti kwanza

Mimi ni fundi wa ndani ya magari hapa Dar, siti, kapeti, pedi za milango, rufu, hizo ndo kazi zangu, injini simo kabisa. Leo nataka niongelee kagari kamoja ninakokapenda mno, Mazda MX-5 ya kwanza, ile yenye taa za kuchomoza, wengine tunaijua kwa jina lake la Japani, Eunos Roadster. Ilioneshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989 na ikatengenezwa mpaka 1997, kwa hiyo hata ile changa kabisa ina umri wa mtu mwenye watoto wawili. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 ila huku unalipa ushuru wa uchakavu unaumia roho halafu maisha yanaendelea.

Sasa vijana wengi wanaoniletea hizi gari wanakuja tayari na mzigo mkononi, usukani mdogo wa suede, nobu ya gia ya alumini, taa za buluu za chini ya dashibodi. Mimi nachukua spana namba 14, nafungua bolti nne za siti, naitoa siti nje, nakandamiza kapeti ya nyuma kwa kidole gumba. Maji. Yaani kati ya gari tano naweza nikakuta nne zimelowa na mwenye gari hana habari, yeye anachojua ni kwamba asubuhi vioo vinajaa ukungu na kuna harufu kama ya taulo lililosahaulika kwenye ndoo.

Hii gari paa lake ni la turubai, na turubai lolote linapitisha maji, watengenezaji walilijua hilo. Nyuma ya siti, kule mkanda unakotokea, kila upande kuna tundu linalopokea maji yanayoshuka kutoka kwenye turubai na kuyapeleka chini kwa bomba mpaka nje, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Ukipaki chini ya mwarobaini miezi miwili yale majani madogo yanaingia yanaoza yanakuwa tope, tundu linaziba, masika ikija maji yanakosa pa kwenda yanafurika ndani. Na hayaishii kwenye kapeti, yanajaa kwenye boksi la bodi chini ya mlango na kulioza kwa ndani, wewe unakuja kuona kipele cha rangi kwa nje wakati ndani bati limeshakuwa biskuti.

Kupima ni rahisi, mimina jagi la maji taratibu kwenye lile tundu halafu chungulia chini. Yasipotoka, chukua kamba nene ya nailoni, ile ya mashine ya kufyekea majani, sukuma polepole huku unazungusha. Usitumie waya wa chuma wala upepo wa kompresa, kwenye kona ya chini kuna kivalvu cha mpira na lile bomba limeshikiliwa kidogo tu, likichomoka umejitafutia kazi ya wiki nzima. Mimi lilinichomoka mwaka wangu wa pili wa kazi, gari la watu, sitaki hata kukumbuka.

Kapeti sasa. Chini ya zile manyoya kuna tabaka kama la godoro limegandishwa, hilo ndo linalonywa maji na halikauki gari likiwa limefungwa hata upaki juani wiki nzima. Itoe yote. Inatisha ila ni pini za plastiki na skrubu chache tu, kwanza siti, halafu konsoli ya kati, halafu zile plastiki za kizingitini. Piga picha kila hatua na kila skrubu itie kwenye kikombe chake. Bati likiwa wazi sugua kutu kwa msasa, paka praima, ndo ufikirie kubandika vile vibati vya kuzuia kelele. Na hapa nisikilize, kuna ile lami ya kuzibia paa inayouzwa hadwea, ina sura ileile na bei yake ni mteremko, watu wanaona wamepata dili. Joto la Januari likifika inayeyuka, inanuka, inachuruzika mpaka kwenye viatu vyako. Nunua ile ya butili, aina ya mpira wa kunata. Na usifunike sakafu nzima, gari lenyewe ni kama tani moja tu na raha yake yote iko kwenye wepesi, bandika vipande kwenye sehemu zinazolia ukizigonga, basi.

Halafu kuna malalamiko ya joto miguuni, wengi wanasema eti eksozi. Mara nyingi ni mpira tu. Chini ya ile ngozi ya gia kuna mpira mkubwa umefungwa kwa bolti namba 10 na chini yake tena kuna mdogo, ikishazeeka inapasuka na joto lote la chini linapanda kama jiko. Fungua nobu kwa kuzungusha, ondoa konsoli, badilisha yote miwili, na ukiwa hapo hapo ongeza oili ya gia kwenye kile kikombe cha mti wa gia, haifiki hata nusu kikombe cha chai. Kwa hela ileile ya nobu ya alumini unapata gari lisilokuunguza na gia inayoingia laini. Nobu ya alumini yenyewe saa saba mchana haishikiki, nimewaambia.

Milango. Pedi yake ni hadibodi, yaani karatasi ngumu, na nyuma yake kiwandani waliweka nailoni. Maji yanayoshuka na kioo huwa yanapita ndani ya mlango na kutokea matundu ya chini, nailoni ndo inayazuia yasiguse hadibodi. Akaja fundi wa spika akaichana akaitupa. Ukiona pedi imejikunja kama samosa ujue ndo hadithi yenyewe. Ilaze juu ya plaiwudi ya milimita 3, chora kwa penseli, kata, paka vanishi pande zote mpaka kwenye kingo, rudisha nailoni mpya.

Siti ndo eneo langu kwa hiyo nitajizuia. Warefu huwa wanagusa turubai kwa kichwa, dawa ni kupunguza sponji ya kukalia, lakini kata kidogo, kaa, kata tena. Mteja mmoja nilimkatia kwa pupa akawa anakalia waya, ikabidi nimnunulie sponji kwa hela yangu. Leza nyeusi tupu usiweke kwenye gari la wazi, weka kitambaa katikati na leza pembeni, mapaja yako yatanishukuru. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba jua linaula.

Usukani basi, kama bado unautaka. Kama wako una eabegi, toa terminali ya betri kwanza, betri iko kwenye buti, subiri hata nusu saa ndo uguse, na waya za njano za hiyo eabegi usizipime kwa testa.

Kuna moja hapa karakana ilikuja kufungiwa redio. Kapeti yake iko juu ya bati la jirani, leo siku ya tatu, nikikandamiza bado inatoa maji, kwa hiyo redio itasubiri.