Mitungi ya Hajji Firuz Ilihifadhi Nini? Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Umbo la mtungi linatosha kueleza ulihifadhi nini.

Ukweli: Shingo nyembamba hudokeza kwamba ndani mlitiwa kitu cha majimaji, lakini haisemi ni kitu gani. Mwaka 1968, katika kilima cha Hajji Firuz kaskazini-magharibi mwa Iran, watafiti walifukua nyumba ya matofali ya udongo ya takribani mwaka 5400 hadi 5000 KK, na katika chumba kilichoelekea kuwa jiko wakakuta mitungi sita, kila mmoja wa lita 9 hivi, imezikwa sakafuni kandokando ya ukuta. Chini, kwa ndani, palikuwa na ukoko wa manjano. Mary Voigt, aliyeongoza uchimbaji huo, alidhani kwanza kuwa ni masalia ya maziwa au mtindi, na kwa chombo cha jikoni dhana hiyo ilikuwa ya busara kabisa. Vipimo vya Patrick McGovern na wenzake, vilivyochapishwa mwaka 1996, vilionyesha chumvi ya asidi ya tartariki, ambayo katika eneo lile hupatikana kwa wingi kwenye zabibu, pamoja na utomvu wa mterebinti, mti wa ukoo mmoja na mkorosho, utomvu ambao watu wa kale waliutia katika mvinyo ili usigeuke siki upesi; yaani, yaelekea mitungi ile ilihifadhi mvinyo.

Dhana potofu: Mtungi ulio mtupu hauna ushahidi tena.

Ukweli: Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa hunywa kinachowekwa ndani yake; aliyewahi kupikia samaki katika chungu anajua jinsi harufu inavyobaki hata baada ya kukisugua. Ndiyo maana inasikitisha vigae vya vyungu vinaposuguliwa vyote kwa brashi mara tu vitokapo ardhini, ilhali vichache vingewekwa kando bila kuguswa kwa mikono mitupu, pamoja na udongo uliovizunguka kwa ajili ya kulinganisha.

Dhana potofu: Kemikali moja ikipatikana, swali limekwisha.

Ukweli: Asidi hiyohiyo imejaa kwenye ukwaju, kwa hiyo kigae cha pwani yetu chenye asidi ya tartariki hakithibitishi mvinyo. Tena mtungi huweza kuja na mafuta ukaishia kuwa wa maji. Kule Hajji Firuz, kilichoipa kemia nguvu ni vizibo vya udongo vilivyokutwa karibu na mitungi, vyenye ukubwa unaolingana na midomo yake, ishara kwamba kilichokuwamo kilizibwa kisigeuke siki.