Mabati uwanjani si kwamba uwanja umeuzwa

Ndugu wananchi, malalamiko yanayotufikia ofisini yamekuwa mengi na mengi yanafanana. Fundi akizungusha tu mabati kwenye uwanja wa katikati ya Kampala, kesho yake simu zinaanza, "wameshauza", "mwekezaji anajenga moli". Hofu naielewa, ile City Square, yaani Constitution Square pale mbele ya High Court, mwaka 2011 wakati wa Walk to Work, yale maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini kupinga maisha kupanda, polisi waliiziba na watu hawajasahau.

Lakini ukarabati ni kitu kingine na kuuza ni kitu kingine jamani. Tangu sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2010 Uganda nzima ni eneo la mipango, yaani hubadilishi matumizi ya ardhi bila kibali, kwa hiyo kutoa bustani na kuweka maduka lazima maombi yapite kwenye kamati ya mipango, uwe na hati ya ardhi usiwe nayo. Ukiona mabati, nenda ofisi ya divisheni, kwa City Square ni Central, uliza kwa maandishi kontrakta ni nani na kibali kiko wapi, nakala yako igongwe muhuri ubaki nayo. Ukimuuliza askari wa getini atakujibu chochote.

Na omba kuona ramani! Hapo ndo watu hawagusi kabisa, wanapigania jina la mwekezaji wakati mchoro unaonyesha miti yote imekatwa na uwanja mzima umewekwa peva, yale matofali ya kutandaza chini. Maji ya mvua kutoka kilima cha Nakasero yanateremka kuelekea mtaro wa Nakivubo, ukifunika udongo wote yanafika chini kwa kasi, na wa chini ndo wanafurikiwa. Uliza kivuli, vyoo, geti ni ngapi, na nani anakaa na funguo.

Sasa mikutano ya hadhara uwanjani. Barua ya ruhusa ya mwenye uwanja haitoshi, naomba hili lieleweke maana tunalirudia kila wiki. Sheria ya mikutano ya hadhara ya 2013 inataka mwandaaji apeleke notisi polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 15 kabla ya mkutano, aandike jina, anwani, simu, tarehe, na aambatanishe hiyo barua ya mwenye uwanja. Ukipeleka siku 2 kabla umechelewa, ukipeleka mwezi mzima kabla utarudishwa vilevile. Notisi ni kutoa taarifa, na kile kifungu cha 8 kilichowapa polisi nguvu ya kuzuia mikutano Mahakama ya Katiba ilikifuta Machi 2020, ila hukumu hiyo haikumruhusu mtu kufunga Kampala Road. Shughuli za kijamii au za dini tu hazihitaji notisi hii, lakini uwanja bado unauombea ruhusa kwa mwenyewe.

Faini nazo kwenye sheria zinaandikwa kwa pointi, pointi 1 ni shilingi 20,000, kwa hiyo ukisoma pointi 10 jua ni 200,000. Na maoni ya ramani leteni mapema, zege likishamwagwa barua yako tunaiweka faili tu.