Kusafiri na Familia kwa Gari Kando ya Pwani ya Kenya: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, familia nyingi za bara huanza kupanga safari ya Pwani kwa gari lao wenyewe, na mipango hiyo huanzia mahali pamoja: ramani ya simu, inayoonyesha mstari mmoja kutoka Lunga Lunga mpakani mwa Tanzania, kupitia Mombasa, Kilifi na Malindi, hadi Mokowe mkabala na kisiwa cha Lamu. Ramani hiyo haidanganyi kuhusu kilomita. Kinachotupotosha ni yale tunayojiongezea wenyewe, na nimeona familia kadhaa, yangu ikiwemo, zikipoteza siku nzima nzuri kwa sababu ya dhana ambazo mvuvi yeyote wa Watamu angezirekebisha papo hapo.

"Barabara inafuata bahari, tutaitazama njia nzima"

Barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malindi, yenye urefu wa kilomita 120 hivi, kwa sehemu kubwa hupita mbali kidogo na ufuo. Anayeketi dirishani huona minazi, mikorosho, mibuyu, mashamba ya mkonge ya Vipingo, na baadaye msitu wa Arabuko-Sokoke, lakini bahari yenyewe hujitokeza mahali pachache tu, hasa kwenye madaraja ya Nyali, Mtwapa na Kilifi. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuchukua nafasi ya feri, ndilo linalowafanya watoto wanyamaze ghafla, kwa maana mkono wa bahari hufunguka chini yao pande zote mbili, samawati upande mmoja na kijani upande wa pili, kisha katika muda wa dakika moja umekwisha na wachuuzi wa korosho wanalisogelea gari. Upande wa kusini, kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, hali ni ile ile.

Kwa hiyo uzuri wa safari hii uko kwenye njia za pembeni: ile ya kwenda magofu ya Jumba la Mtwana baada ya kuvuka Mtwapa, ile ya Takaungu, ile ya magofu ya Mnarani kando ya daraja la Kilifi, na ile inayochepuka Gede kuelekea Watamu. Kila mchepuko hula saa mbili au zaidi ukiwa na watoto. Anayepanga kuipita njia yote ya Mombasa hadi Malindi kwa mkupuo mmoja atafika mapema, na hatakuwa ameiona Pwani.

"Bahari ipo saa zote, tutaogelea tukifika"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi. Mara ya kwanza tulipowapeleka wanetu Watamu, tulifika ufuoni saa nne asubuhi, tumebeba taulo na maboya, tukakuta bahari imeondoka. Mbele yetu palikuwa na mchanga mbichi, majani ya baharini yaliyolala chini, vidimbwi vya maji ya uvuguvugu kati ya mawe, na mashua mbili zimeinamia ubavu. Binti yangu aliuliza ni nani aliyeyachukua maji.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila kukicha. Jambo ambalo watu wa bara hawaambiwi ni kwamba katika pwani hii nyakati hizo zina mpangilio unaoweza kuukariri. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwa siku chache zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Siku hizo maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na saa zimegeuka: kujaa ni karibu na saa nne, kupwa ni karibu na saa kumi.

Ukishalijua hilo, siku hujipanga yenyewe. Wakati wa bamvua, asubuhi ni ya kutembelea vidimbwi au kupanda mashua kwenda kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Watamu au ya Malindi, zote zilizoanzishwa mwaka 1968, na kuogelea kunangojea saa nane mchana maji yakirudi. Wakati wa maji mafu, watoto waingie baharini asubuhi, na alasiri iwe ya magofu ya Gede. Wavae viatu vya mpira wanapotembea maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa kwenye mianya ya miamba hukaa wanyama wenye miiba myeusi kama sindano, ambayo hukatikia ndani ya unyayo. Matumbawe yenyewe yasikanyagwe kabisa, kwani yaliyojengeka kwa miaka mingi huvunjika kwa hatua moja ya mtoto.

Jedwali la kujaa na kupwa hupatikana kwa urahisi kwenye simu. Ningependa kila familia ilitazame kabla ya kulipia chumba.

"Maji ya Pwani ni yale yale, popote utakapoogelea"

Familia iliyofika Malindi mwezi wa Desemba na kukuta bahari ina rangi ya chai ya maziwa hudhani kwamba imeletwa mahali pachafu. Sababu ni mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini kidogo mwa mji. Upepo wa kaskazi unapovuma, tangu Novemba hadi Machi hivi, tope la mto huo husukumwa kusini hadi kwenye ghuba ya Malindi, na mvua za vuli huliongeza. Sabaki ndio ule ule unaoitwa Athi kule juu, kwa hiyo sehemu ya udongo huo imetoka katika mashamba ya bara, ambako wageni wenyewe wametoka. Watamu, umbali wa kilomita 20 hivi kusini, maji mara nyingi huwa angavu siku hiyo hiyo. Mwezi wa Agosti upepo ni wa kusi: hewa ni ya kupoa na inawafaa watoto wadogo zaidi, ila bahari ya nje ya mwamba huchafuka, na safari za mashua huenda zikaahirishwa.

"Kwenda Diani lazima upange foleni ya feri"

Sivyo tena. Barabara ya Dongo Kundu, yenye daraja refu la Mteza, humtoa msafiri anayetoka Nairobi upande wa Miritini na kumfikisha Kwale, kaunti iliko Diani, bila kuingia kisiwani Mombasa. Feri ya Likoni ingali inafaa kwa aliyelala mjini.

"Tusafiri usiku, watoto walale na joto litupishe"

Naielewa hoja hii na bado naipinga kwa nguvu zote. Jua hutua saa kumi na mbili na nusu hivi, na giza huingia upesi. Baada ya hapo barabara hubaki na malori, tuktuk zisizo na taa za nyuma, mikokoteni, mifugo, na watu wanaotembea ukingoni wakiwa wamevaa nguo za rangi iliyokoza. Mtoto aliyelala mapajani mwa mama hana ulinzi wowote gari likisimama ghafla, kwa sababu hakuna mikono inayoweza kumzuia. Dawa ya joto ni kuondoka alfajiri, kupumzika mchana mahali penye kivuli, na kutomwacha mtoto ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika 10, muda unaotosha kuongeza joto la ndani kwa nyuzi 10 hivi.

"Malaria ni ugonjwa wa wageni kutoka Ulaya"

Kinga anayoipata mtu aliyekulia Pwani hupungua akiishi miaka mingi mbali na malaria, na mtoto aliyezaliwa Nairobi hakuwahi kuwa nayo. Mwulize daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kuondoka, hakikisheni kila kitanda kina chandarua kisichotoboka, na homa yoyote, hata ile inayoanza wiki mbili baada ya kurudi, ipimwe siku hiyo hiyo.

"Tutaendesha hadi Lamu mjini"

Lami inafika Mokowe, na gari huishia hapo; kisiwani mnavuka kwa mashua. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Minjila na nyanda za mto Tana, ambazo mvua kubwa huweza kuzifurika na kuifunga njia. Sehemu hiyo imewahi kushuhudia mashambulizi, kwa hiyo kuna vizuizi vya ukaguzi, na safari ni ya mchana tu. Jazeni tangi Malindi na muulize hali ya njia kabla ya kuondoka. Mji mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida.

Kwa hiyo mizigo igawanywe tangu nyumbani katika mikoba ambayo kila mmoja anaweza kubeba mwenyewe, masanduku makubwa yabaki garini, na saa ya kufika Mokowe ichaguliwe kwa jedwali lile lile la maji, kwa sababu maji yakiwa yamekupwa ngazi za gatini huwa zimefichuka hadi chini, zina ute, na bibi anahitaji mkono wa kushika.